Visanduku Sitini

Mchora mabango alifungua karakana yake kila asubuhi kabla majirani hawajafungua maduka. Watu walimwita Nyoosha, kwa sababu aliweza kupiga mstari wa mita tatu bila uzi na bila rula, na mstari ukakaa. Mke wake alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha pili. Kati ya vyumba hivyo hapakuwa na mlango, pazia tu, kwa hiyo kutwa nzima kila mmoja alisikia kazi ya mwenzake: huku cherehani, kule brashi ikigongwa kwenye kopo.

Nyoosha alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Herufi kubwa aliziandika kwa mkono. Herufi ndogo alizikata kwa kisu kwenye filamu za eksirei zilizokwisha kutumika, kisha akailaza filamu juu ya ubao na kupaka rangi kwenye matundu. Filamu ya eksirei ni nyembamba na ngumu, haichaniki, na rangi ikiganda juu yake hufutika kwa mafuta ya taa. Majirani walimletea za kwao. Ukutani zilining'inia mbavu za watu na magoti ya watu, na katikati ya mbavu limekatwa neno KARIBU, au CHUMBA KINAPANGISHWA. Wateja wageni walishtuka. Wenyeji walikwisha kuzoea.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu ateleze kwenye ngazi. Alianguka kutoka kipago cha tatu, akagonga kichwa kwenye ukingo wa dirisha. Nundu ilitoka, ikapungua, naye akasahau. Kisha kichwa kikaanza kumuuma asubuhi. Kisha akaanza kusinzia mchana, mtu ambaye hata akiwa na homa hakulala mchana. Mke wake alipomuuliza, alijibu kwamba ni uzee, na uzee hauna duka la dawa.

Jumanne moja alikuwa akiandika bango la kinyozi. Mke wake akasikia brashi imenyamaza. Akasubiri. Akasikia kopo limeanguka. Akafunua pazia.

Nyoosha alikuwa amesimama mbele ya ubao. Mstari wa kwanza wa maandishi ulikuwa sawa. Wa pili ulianza vizuri, kisha ukateremka kama maji yanayotafuta mtaro. Brashi ilikuwa sakafuni.

"Mkono huu leo hautaki kutumwa," akasema. Maneno yalimtoka polepole, kama mtu anayeyasoma mbali.

Mke hakubishana naye. Alizima pasi, akafunga milango, akampigia simu binti yao. Kisha akampigia mdogo wake wa kiume mwenye gari la mizigo. Huyu walimwita Redio, kwa sababu hapakuwa na habari iliyompita, wala hapakuwa na habari aliyoiweka tumboni.

Hospitalini daktari alimpima Nyoosha kwa makini. Alimwambia afumbe macho na anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu. Mkono wa kushoto ulitulia. Wa kulia ulianza kushuka wenyewe. Daktari aliuliza kama aliwahi kuanguka karibuni, mke akaeleza habari ya ngazi. Ndipo daktari akawaambia wazi. Inawezekana damu imevuja ndani ya fuvu, polepole, na sasa inaubana ubongo. Jambo hilo halionekani kwa nje, wala kwa kupima damu ya kidoleni. Inahitajika picha ya kichwa ya sitiskani, inayoonyesha ndani ya fuvu, leo hii. Ikiwa ni damu, kila saa inayopita ni hasara.

Akawapa karatasi. Wakaenda kukaa kwenye korido ya eksirei.

Benchi lilikuwa la chuma na lilijaa. Taa nyekundu juu ya mlango iliwaka, ikazimika, ikawaka. Binti alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alikaa mbali na mlango ule, kisha akasogea mbali zaidi, mwisho akasimama kabisa. Mama yake alikuwa akikunja karatasi ya daktari na kuikunjua. Redio hakukaa hata mara moja. Gari lake aliliacha uani likiwa linanguruma, maana betri ilikuwa mbovu na likizimwa lingetaka kusukumwa. Alikwenda kulichungulia dirishani, akarudi, akaenda tena, na kila aliporudi alikuwa na neno jipya. Alisema jamaa mmoja wa gereji alipigwa picha tano, nywele zikapukutika. Alisema mionzi ikishaingia haitoki, hukaa mfupani kama kutu kwenye bati. Alisema hata zile filamu za karakana, nani ajuaye, huenda ndizo zilizomletea shemeji yake maradhi haya.

Nyoosha alikuwa akihesabu.

Mwaka uliopita alipatwa na kizunguzungu. Alipigwa picha ya kichwa, na ikaonekana tatizo ni presha tu. Hospitali ilimpa filamu tatu aende nazo nyumbani. Filamu zile alizijua kuliko daktari yeyote, maana alizikata mwenyewe kwa kisu. Kila moja ilikuwa na visanduku ishirini, na ndani ya kila kisanduku kulikuwa na kichwa chake, kidogo kama yai. Ishirini mara tatu ni sitini. Ongeza picha mbili za kifua alizowahi kupigwa zamani.

"Nimeshapigwa mara sitini na mbili," akamwambia mkewe. "Leo wananiongezea sitini nyingine. Hata chuma hakivumilii."

"Nani amekuambia sitini?"

"Nimezikata kwa mkono wangu. Naweza kukosea mengine yote, si visanduku."

Mke wake pia alikuwa ameziona filamu zile, na visanduku vilikuwepo. Kama hesabu ya mumewe ni kweli, basi alikuwa akimsukuma motoni kwa mkono wake. Kama si kweli, damu ilikuwa ikivuja wakati wao wamekaa kwenye benchi. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

Iliitwa namba kumi na nne, namba ya Nyoosha. Ikaitwa mara ya pili. Nyoosha alikwisha kuinuka na kuelekea uani, mkono wa kulia ukining'inia, na Redio alikuwa mbele akimfungulia njia. Mke wake alifuata nyuma akimsihi, lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu watu walikuwa wakiwatazama.

Mlango wenye taa ukafunguka. Akatoka mtaalamu wa eksirei, mwanamke wa makamo, amebana kifuani kijiboksi kidogo kinachopima mionzi anayoipata yeye mwenyewe kazini. Aliuliza namba kumi na nne yuko wapi. Binti akaonyesha nje kwa kidevu. Mtaalamu akamwagiza mwenzake amwingize mgonjwa anayefuata, kisha akatoka kwa haraka.

Aliwakuta kando ya gari. Redio alikuwa amekwisha kufungua mlango. Nyoosha alikuwa akijaribu kupanda, na mguu haukumtii.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Usijisumbue, mimi narudi nyumbani."

"Sikuja kukushika kwa nguvu. Kichwa ni chako. Nataka kujua tu unaogopa nini. Wako wanaoogopa kufungiwa kwenye mashine, wako wanaoogopa sindano."

"Mimi naogopa hesabu," Nyoosha akasema, na akamwambia habari ya visanduku.

Redio alitazamia kwamba mtaalamu atacheka. Hakucheka. Aliuliza zilikuwa filamu ngapi, za sehemu gani ya mwili, na lini. Alipojibiwa, akatikisa kichwa kama mwalimu aliyeona hesabu imeanza vizuri ikaharibika mwishoni.

"Visanduku umevihesabu sawasawa. Lakini niambie, mkate ukikatwa vipande ishirini, umeokwa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi na kichwa chako ni hivyo."

Akamweleza kwa maneno machache. Mashine huzunguka kichwa kwa sekunde chache tu. Mionzi hupita kichwani, ikapokelewa upande wa pili. Kompyuta huchukua vipimo hivyo na kuikata picha vipande vyembamba, ili daktari aone ndani hatua kwa hatua. Visanduku vyote sitini vya mwaka jana vilitoka kwenye kipimo kimoja. Hospitali ingeweza kuchapisha visanduku kumi, au mia mbili, na mionzi aliyoipata Nyoosha ingekuwa ileile.

Nyoosha akapiga hesabu upya. "Kwa hiyo nimepimwa mara tatu. Kichwa mara moja, kifua mara mbili."

"Mara tatu."

Redio hakuridhika. Aliuliza vipi kuhusu ile inayobaki mwilini. Mtaalamu akamgeukia.

"Kaka yangu, usiku ukizima taa chumbani kwako, mwanga hubaki ukutani?"

"Haubaki."

"Mionzi ya eksirei pia haibaki. Mashine ikizimwa, imekwisha. Haikai mfupani, haikai kwenye nguo, haikai kwenye filamu. Vipo vipimo vya namna nyingine, ambavyo mgonjwa hupewa dawa yenye mionzi, na huyo huelekezwa namna ya kukaa na watu mpaka iishe. Hiki si kimojawapo."

Mke wa Nyoosha alikuwa ameshikilia mlango wa gari. "Basi haina madhara yoyote," akasema. Alitaka sana jibu liwe ndiyo.

"Sijasema hivyo, mama. Nikisema hivyo nitakuwa nakudanganya."

Mtaalamu alieleza kwamba mionzi inaweza kujeruhi chembe ndogo za mwili, na mara chache jeraha hilo huweza kugeuka saratani baada ya miaka mingi. Ndiyo maana picha hizi hazipigwi ovyo. Lakini kila kitu kina kipimo chake. Kila mtu duniani hupata mionzi kidogo kila siku, kutoka ardhini, kwenye mawe, angani, hata ndani ya chakula. Picha moja ya kifua ni sawa na mionzi hiyo ya siku chache. Sitiskani ya kichwa ni kama ya miezi minane. Sitiskani ya tumbo ni kubwa zaidi, yafika miaka mitatu. Wataalamu wanakadiria kwamba katika watu elfu kumi waliopigwa sitiskani moja ya kichwa, huenda mmoja akapata saratani kwa sababu ya picha hiyo. Kwa mtoto hatari ni kubwa kuliko hapo. Kwa mtu wa miaka sitini na minne, kama Nyoosha, ni ndogo kuliko hapo.

"Huo ni upande mmoja wa mizani," akasema. "Upande wa pili unao wewe. Nyoosha mikono yako, mzee."

Nyoosha aliinua mikono yote miwili. Wa kushoto ulikaa. Wa kulia ulishuka, ukashuka, mpaka ukagusa bodi ya gari. Gari lilikuwa likinguruma.

"Hakuna picha isiyo na mionzi?" Nyoosha akauliza.

Mtaalamu alisema hilo ndilo swali ambalo kila mgonjwa angepaswa kuuliza. Zipo mbili. Altrasaundi hutumia sauti, lakini fuvu la mtu mzima huizuia. Emarai hutumia sumaku, na inaweza kuona damu, ila huchukua muda mrefu zaidi, na mashine yenyewe iko hospitali nyingine, mwendo wa saa tatu. Kama damu inavuja, hizo saa tatu hawana. Sitiskani huchukua dakika chache, na iko nyuma ya mlango ule.

Mke akauliza kama picha ya mwaka jana haiwezi kutosha.

"Iko wapi?"

Nyoosha alitazama viatu vyake. Alikiri kwamba moja imekuwa TAFADHALI USIEGEMEE UKUTA, na nyingine mbili ni herufi na tarakimu.

Kwa mara ya kwanza siku ile Redio alicheka. Mtaalamu naye alibana midomo.

"Kwa leo isingetosha, maana ulianguka baada yake," akasema. "Lakini daktari angeilinganisha na hii mpya. Na iko siku filamu ya zamani hukuepusha na mpya kabisa, kwa sababu daktari anakuta jibu lipo tayari. Ukiikata, unajiongezea mionzi kwa kisu chako mwenyewe."

Nyoosha alimtazama mkewe. Mkewe hakumwambia nenda wala usiende. Alimshika tu kwenye kiwiko, upande wa mkono mbovu. Nyoosha akaugeuzia mgongo mlango wa gari.

Binti alitaka kumshika baba yake mpaka ndani. Mtaalamu alimzuia mlangoni na kumuuliza kama ana mimba, ingawa tumbo lilikwisha kuonekana kidogo. Alisema humuuliza kila mwanamke, kwa sababu zipo mimba zisizoonekana, na mtoto wa tumboni hana haja ya mionzi ya kipimo kisicho chake. Ukuta na mlango vina madini ya risasi ndani yake, kwa hiyo koridoni hapana hatari na hakuna sababu ya kusimama mpaka getini. Mama mjamzito akiwa mgonjwa yeye mwenyewe, anaweza kupimwa pale inapobidi, mradi aseme mapema ili daktari apime faida na hatari. Na baba akitoka, binti anaweza kumkumbatia atakavyo.

Taa nyekundu iliwaka. Mke alihesabu vigae vya sakafu, akapoteza hesabu, akaanza tena. Taa ilizimika kabla hajafika thelathini.

Nyoosha alitoka kwa miguu yake, kichwa kikiwa kimeinama. Binti alimkumbatia. Daktari aliwaita haraka kuliko walivyotarajia, na haraka ile ilimwambia mke jambo kabla daktari hajafungua mdomo. Damu ilikuwepo, upande wa kushoto, unene wa kidole. Ndiyo iliyokuwa ikiubana ubongo na kuulegeza mkono wa kulia. Daktari alisema wangechelewa siku mbili zaidi, huenda wangemleta amebebwa.

Alifanyiwa upasuaji jioni ileile. Walitoboa matundu mawili madogo kwenye fuvu, wakaitoa damu. Siku ya tatu mke wake alimpa mkono wake aushike kwa ule wa kulia. Aliubana mpaka akaambiwa aache, anaumiza.

Kabla Nyoosha hajaruhusiwa, daktari alitaka picha moja zaidi. Nyoosha aliuliza ya nini, na jibu lake litabadilisha nini katika matibabu. Akauliza pia kama ipo njia isiyo na mionzi. Daktari hakuudhika. Alieleza kwamba damu hii wakati mwingine hujaa upya kimyakimya, na ikiwa imejaa, wataitoa tena kabla hajaenda mbali. Nyoosha alikubali. Picha ilionyesha hali ni nzuri.

Nyumbani mke alinunua bahasha kubwa ngumu na daftari. Kwenye daftari aliandika kila kipimo: tarehe, sehemu ya mwili, aina ya mashine, jina la hospitali. Filamu na majibu aliviweka kwenye bahasha, juu ya kabati, mbali na kisu. Nyoosha aliendelea kukata filamu za majirani, lakini kwanza alimuuliza mwenye filamu kama daktari wake hataihitaji tena. Wengi waliondoka nazo.

Redio naye alibadilika, ila alipitiliza. Sasa kila aliyepiga chafya alimshauri akapigwe sitiskani.

Miezi miwili baadaye Nyoosha alipata kazi ya ukuta mrefu wa shule. Alipaka rangi kutwa nzima juani, bila kofia, akasahau kunywa maji. Kesho yake aliamka na kichwa kinamuuma. Binti alilia. Redio alifika kabla hajaitwa. Mke wake alimtazama mumewe akivaa viatu, akatazama mkono wa kulia ukifunga kamba. Bado alitaka picha. Aliitaka papo hapo. Njia nzima alifungua na kufunga bahasha mapajani.

Daktari alimpima Nyoosha kama siku ile ya kwanza. Mikono yote miwili ilitulia. Macho yalikuwa sawa. Alitembea kwa kufuata mstari wa vigae, akazungumza bila kusita, akasema kichwa kimeanza kupoa tangu alipokunywa maji. Daktari akauliza kuhusu jua, na kuhusu kofia. Kisha akafungua bahasha, akalinganisha picha mbili za mwisho, akazirudisha.

Mke alijilazimisha kuuliza. "Tukimpiga picha leo, itabadilisha nini?"

"Leo, hakuna. Dalili zote ninazozitafuta hazipo. Lakini akitapika, au akisinzia kupita kawaida, au mkono ukilegea, au maneno yakimpotea, au kichwa kikizidi kuuma, mnamleta saa hiyohiyo, na hapo nitampiga picha bila kusita."

Mke aliandika dalili hizo kwenye daftari, moja moja, akamsomea daktari ili kuhakikisha. Wakatoka.

Uani Redio alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari, hajaridhika hata kidogo. Alisema mashine ile pale, foleni hakuna, wangempiga mara moja tu, wapate amani.

"Amani ya nani?" dada yake akamuuliza.

Redio alifikiri. "Yangu," akasema.

"Basi panda uendeshe. Mume wangu ana njaa."